Mama Charlotte Mapoli na Uyoga wa Chini ya Mbau

Padri wetu, majirani wa Nyakasanza, ndugu wote mliotembea mpaka hapa kaburini: maneno haya yameandikwa na familia ya hayati muzee Lucien Uketha. Anayeyasoma ni Blaise, mtoto wa muzee huyo na mtoto wa kambo wa marehemu. Mtasikia jina la Blaise ndani yake, na si kwa sifa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe hivyo.

Mama Charlotte Mapoli alizaliwa mwaka 1951 katika kijiji kilicho kando ya barabara inayotoka Mambasa kwenda Kisangani. Kwenye kadi yake ya uchaguzi imeandikwa tarehe 1 Januari, kama inavyoandikwa kwa watu ambao siku yao haijulikani. Yeye alisema mama yake alimzaa mvua za kwanza zimeshanyesha na uyoga umeanza kutoka, kwa hiyo familia imeona ni mwezi wa Machi. Baba yake, muzee Gustave, alikuwa mwindaji. Mama yake, mama Adèle, alilima mihogo na kuchuma vya msituni. Watoto wawili waliomtangulia walikufa wangali wachanga, na baada yake hakuzaliwa mwingine. Alilelewa peke yake.

Aliingia shule ya msingi ya misheni mwaka 1959, na alikuwa darasa la tano mwaka 1964 vita vilipofika Mambasa. Mwalimu wao aliwaambia watoto warudi nyumbani siku hiyo, na shule haikufunguliwa tena mpaka yeye alipokuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa. Familia yake iliishi msituni miezi minane. Huko ndiko alikosoma kwa kweli, na mwalimu wake alikuwa mama Adèle.

Wengi hapa Bunia hawajawahi kuingia katika msitu wa mbau. Ni miti mirefu inayokaa yenyewe kwa yenyewe, mbau na mbau na mbau, na chini yake ni giza hata saa sita ya mchana. Majani makavu yamelala mengi mpaka mguu unazama. Siku chache baada ya mvua kubwa, majani yale huinuka kidogo hapa na pale kama vile kuna kidole kinachosukuma toka chini, na ukiyafunua unakuta uyoga wa njano. Rangi yake ni ya kiini cha yai. Chini ya kofia hauna vile vipande vyembamba vilivyopangwa kama karatasi za kitabu. Una mikunjo minene inayoteremka mpaka kwenye shina. Ukiupasua ndani ni mweupe, na ukiunusa unanuka tunda lililoiva. Huota polepole, siku nyingi, wala hauozi upesi kama uyoga mwingine. Na mwaka unaofuata hurudi palepale.

Mama Adèle alimfundisha uyoga huo kwanza, na hakumfundisha mwingine mpaka alipoweza kuutambua kwa kuunusa tu, amefumba macho. Kisha akamfundisha ule unaotoka juu ya vichuguu, wenye shina refu kama mzizi linaloshuka mpaka katika nyumba ya mchwa, kwa sababu mchwa wenyewe ndio wanaoulisha na kuula. Mwisho kabisa akamwonyesha ule mweupe mzuri, wenye pete shingoni na kikombe chini udongoni. Akamwambia: "Huyu ukimukata kwa kisu hutaona kikombe, kitabaki mu udongo. Uchimbue wote na vidole, uangalie chini. Usipoangalia chini, usipike." Akamwambia pia asisikilize watu wanaosema kwamba wadudu wakiula si sumu, au kwamba kuchemsha kunaondoa sumu. Wadudu hula ule mweupe na hawafi.

Muzee Gustave alikufa mwaka 1970, mama Adèle mwaka 1979. Tangu hapo marehemu aliishi kwa kuchuma na kukausha uyoga, akiuza kwenye soko la Mambasa. Alikuwa na miaka thelathini na zaidi, hana mume wala mtoto, na watu waliomjua wakati ule wanasema alizoea kwenda msituni asubuhi na kurudi jioni bila kusema neno na mtu.

Huko sokoni ndiko alikokutana na muzee Lucien, seremala wa Bunia mwenye asili ya Mahagi, aliyekuja kutafuta mbao. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Alinunua uyoga mkavu kwake mara tatu kabla ya kukiri kwamba hajui kuupika, na kwamba ule wa kwanza na wa pili bado umening'inia ukutani nyumbani. Walifunga ndoa kanisani Mambasa Jumamosi tarehe 14 Julai 1984. Blaise alikuwa na miaka saba. Siku alipofikishwa katika parsele yetu, kiwanja cha nyumba yetu ya Bunia, marehemu alisimama muda mrefu akitazama huku na huku, kisha akamwuliza mumewe miti iko wapi.

Bunia ni nchi ya majani na upepo. Nyumbani kwetu wote walisema Kialuri, naye hakukijua. Alijifunza, lakini wanawake wa ukoo walicheka matamshi yake, basi akabaki na Kiswahili. Lugha ya mama yake hakuwa na wa kusema naye. Blaise anakumbuka kumsikia akiisema peke yake jikoni, kwa sauti ya chini, akihesabu vitu.

Mwaka 1986 aliomba lori la mbao limletee magunia mawili ya udongo wa chini ya mbau, majani yake yakiwemo. Muzee Lucien alimjengea kibanda cha kivuli kwa mabaki ya mbao nyuma ya nyumba. Kila asubuhi aliumwagilia maji udongo ule. Mvua za kwanza zikapita, na za pili. Asubuhi moja muzee Lucien alikuta vyoga vidogo vya kijivu vimejaa kibandani, akakimbia kumwita mke wake akimpa pongezi mkono kwa mkono. Marehemu aliinama, akaviangalia, akasema kwamba hivi ni vya mavi ya mbuzi. Walicheka wote wawili mpaka wakakaa chini. Ni mara chache sana familia ilimsikia akicheka vile.

Uyoga wa njano haukutoka kamwe, na sababu yake aliijua, ila alitaka kujaribu. Miaka mingi baadaye muuguzi Katsuva, ambaye mtamsikia hapa mbele, alimweleza jinsi vitabu vinavyosema: tunachokichuma ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizo udongoni, nyembamba kuliko za buibui, zimevisha ncha za mizizi ya mbau kama soksi. Mti unazipa sukari iliyotengenezwa na majani yake, nazo zinaupa mti maji na chumvi za udongo zinazokusanywa mbali ambako mzizi haufiki. Mti ukikatwa, nyuzi zinakufa. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni vile mama alisema. Hauna shamba. Uko na muti wake."

Hakupata mtoto. Muzee Lucien hakuwahi kumlaumu, na alimkataza mtu yeyote kulitaja jambo hilo mbele yake. Alipofariki tarehe 9 Februari 2006, marehemu alibaki katika parsele pamoja na Blaise, mke wake Jeanine, mjukuu Gracieuse, na baadaye mdogo wake Aaron. Uyoga mkavu ulimfikia kutoka Mambasa, naye aliuuza sokoni. Watoto walimpenda. Watu wazima walimwachia nafasi yake jikoni na kwenye mkeka wa pembeni, na familia inakiri kwamba haikumwachia zaidi.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilisikia kwa namna nyingine.

Jumapili ya Matawi, tarehe 17 Aprili 2011, Blaise alikuwa Mahagi. Jeanine alirudi kutoka misa akipitia kwenye mikaratusi, mvua ikiwa imenyesha siku mbili. Aliona uyoga mweupe chini ya miti, mzuri, safi. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja asichume ule. Lakini nyumbani hapakuwa na mboga, na ulikuwa mdogo tu, wa kuwatosha watoto. Aliupika jioni, marehemu akiwa bado sokoni. Aaron, aliyekuwa na miaka minne, alikula sana. Gracieuse, wa miaka sita, alikula kidogo kwa sababu alisema hauna chumvi. Walilala vizuri.

Asubuhi ya Jumatatu, saa moja, marehemu aliwapa wajukuu wake uyoga wa njano uliobaki sufuriani kwake, kama alivyozoea. Saa nne watoto wote wawili walianza kutapika na kuhara.

Ule mweupe una tabia hiyo. Hausumbui saa ile unapoliwa. Unanyamaza usiku mzima, wakati mwingine mpaka kesho yake mchana, na mtu anapoanza kuugua anafikiria chakula alichokula mwisho. Basi majirani walipouliza watoto wamekula nini, jibu lilikuwa jepesi: uyoga wa bibi yao.

Marehemu alimwuliza Jeanine, "Mama Gracieuse, jana balikulaka nini?"

"Sombe tu, mama."

"Sombe peke yake? Majani ya muhogo tu?"

"Sombe tu."

Hakuuliza mara ya tatu. Alikwenda nyuma ya jiko, kwenye shimo la takataka, akapekua kwa mikono chini ya maganda ya ndizi mpaka akapata kitako cha uyoga, cheupe, na kikombe chake kikiwa bado kimekishika. Alikifunga katika jani, akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka hospitali ambako watoto walikuwa wamepelekwa. Aliyempokea ni muuguzi Katsuva, mtu wa Butembo, aliyewahi kuona ugonjwa huo kwao.

"Hii imetoka wapi, mama?"

"Kwetu, jikoni."

"Nani alichuma?"

"Weye angalia batoto kwanza," akamjibu.

Siku ya Jumanne watoto walikaa, wakaomba chai, Aaron akaomba mpira. Wazee wa ukoo wakasema Mungu ni mwema, warudishwe nyumbani. Marehemu alisimama mlangoni mwa chumba cha wagonjwa, mwanamke ambaye hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wazee, akasema, "Musibatoe. Sasa inaonekana kama imepona, lakini sumu iko mu maini. Kesho macho yao itakuwa manjano. Mukibapeleka nyumbani batakufa bote wawili."

Muuguzi Katsuva alisema hivyohivyo. Watoto wakabaki, wakawekewa maji ya mshipa. Jumatano macho yao yakawa manjano. Aaron alifariki Alhamisi Kuu, tarehe 21 Aprili, saa tisa ya mchana. Gracieuse alipona baada ya majuma matatu.

Kwa kuwa marehemu alijua mbele ya wote siku na rangi ya ugonjwa, ukoo uliona huo ni ushahidi kwamba ni yeye aliyewapa sumu. Blaise alirudi kutoka Mahagi akakuta mtoto wake ameshakufa. Kwenye matanga mjomba mmoja akauliza jambo moja tu: "Alijuaje?" Muuguzi alikuwa ameeleza kwamba ni uyoga mweupe uliofanya vile. Wakajibu kwamba katika parsele hii mtu wa uyoga ni mmoja. Jeanine alikuwa amekaa pale, kichwa kimefunikwa na kitenge, hakusema neno. Mama Charlotte naye alikuwa amekaa pale.

Jumatatu ya Pasaka Blaise alitoa vitu vya mama yake wa kambo nje kwa mikono yake mwenyewe: godoro, sufuria mbili, vikapu, picha ya muzee Lucien. Aliviweka kando ya njia. Marehemu alimwambia, "Blaise, nilikuogesha." Blaise alifunga mlango wa uzio.

Alipata chumba kimoja Nyakasanza, akakaa humo miaka kumi na minne. Mwanzoni, habari ilipomfuata sokoni, hakuna aliyenunua kwake. Alihamia soko lingine la mbali, akauza maharagwe na dagaa. Jirani yake, mama Abigaël, yuko hapa leo. Anasema ilichukua mwaka mzima kabla marehemu hajaingia nyumbani kwake, na kwamba kila mara alipoalikwa kula alikaribia mlango, akashukuru, akarudi chumbani kwake. Alipika chakula cha mtu mmoja na kukila akiwa ameelekea ukuta. Kijiji chake kilikuwa kimeshatawanyika kwa vita vilivyofuata, na kipande cha msitu wa mbau alichokijua kiliuzwa, kikakatwa mbao. Habari hiyo aliipata mwaka 2015 kutoka kwa dereva wa lori. Mama Abigaël anasema siku hiyo hakwenda sokoni, wala kesho yake.

Aliyemtembelea ni muuguzi Katsuva, karibu kila mwezi, na daftari lake la maswali. Kwa maelezo ya marehemu aliandika namna kumi na saba za uyoga: unaliwa au hauliwi, unatoka mwezi gani, chini ya mti gani, unanuka nini. Siku moja aliweka kalamu chini, akamwuliza kwa nini hakusema siku ile nani alichuma. Jibu lake familia imelijua juma hili tu, Katsuva alipokuja kwenye matanga na kutuambia.

"Mama amepoteza mutoto," alijibu. "Nimuongezee nini tena?"

Jeanine alimwambia Blaise ukweli tarehe 3 Machi 2019, nyumbani, asubuhi, baada ya misa. Miaka minane ilikuwa inatimia. Hatutaandika yaliyosemwa kati ya mume na mke siku ile. Jumapili iliyofuata walikwenda wote wawili Nyakasanza. Marehemu alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Alimpa Jeanine kiti, na Blaise akakaa chini.

Jeanine alianza kueleza, marehemu akamkatiza. "Najua. Niliona ile kitako mu takataka. Nilikusamehe siku tulizika Aaron."

Jeanine akalia. Marehemu alimwacha alie, kisha akasema taratibu, "Nilikuwa nangoja tu mutu wa nyumbani aje kuniuliza. Miaka munane hakuna aliyekuja."

Blaise alimwomba arudi nyumbani, chumba chake kipo. Alitikisa kichwa. "Sitarudi, mwanangu. Nimezoea hapa. Lakini kama munapata buyoga, musipike mbele sijaangalia. Munitume kuita."

Tangu mvua za mwaka ule alikuja kila alipoitwa. Alisimama kwenye mlango wa uzio, hakuingia. Gracieuse alimletea kikapu pale nje, naye akageuza uyoga mmoja mmoja, akiangalia chini ya kofia, kisha kitako. Baadaye alimwachia Gracieuse ageuze, yeye akiangalia tu. Akimaliza alisema, "Pikeni," akaenda zake. Tulimwomba abaki ale nasi. Hakula tena katika nyumba yetu mpaka alipofariki, na hatuwezi kusema hapa kwamba alikula.

Moyo wake ulianza kuchoka mwezi wa Agosti mwaka huu wa 2025. Miguu ilivimba, akashindwa kwenda sokoni. Alilazwa hospitali siku tisa, akaomba kurudi chumbani kwake. Jeanine alikwenda kumwogesha kila asubuhi, na jambo hilo alilikubali. Mara moja alimwomba Jeanine amsikilize akisema lugha ya mama yake, asijibu kitu, asikilize tu. Alisema karibu nusu saa. Jeanine hakuelewa hata neno moja, na anatamani leo angeelewa.

Mama Charlotte alifariki Jumatano tarehe 12 Novemba 2025. Jeanine alifika saa moja na nusu ya asubuhi na maji ya moto, akamkuta amelala upande wake, uso ukutani, mwili ukiwa bado na joto. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Kwa upande wa baba na mama yake hakuna tuliyeweza kumpata. Tulituma ujumbe Mambasa kwa redio na kwa madereva. Kufikia leo hakuna aliyejibu. Kama kuna mtu kati yenu mwenye damu yake au lugha yake, tunamwomba asogee karibu, atupe udongo wa kwanza.

Ameacha mtoto wa kambo, Blaise Uketha, aliyemfukuza. Ameacha mkwe, Jeanine, ambaye yeye alimsamehe. Ameacha mjukuu, Gracieuse, mwenye miaka ishirini, ambaye yu hai kwa sababu bibi yake alisimama mlangoni siku ya Jumanne na kusema asitolewe. Ameacha rafiki, muuguzi Katsuva, na jirani, mama Abigaël. Mume wake Lucien na mjukuu wake Aaron wamemtangulia, na anazikwa kati yao wawili.

Bwana amfungulie yeye mwenyewe mlango, amwite kwa lugha ya mama yake, na amkalishe mezani pamoja na wengine.